Kutunga Matabano Yenye Mizani kwa Mchezo wa Dungeons & Dragons: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya yamekusudiwa wachezaji na waendesha mchezo wa Dungeons & Dragons, toleo la tano, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa msaada wa dadu, ambao wamechoka kuchagua matabano ya wahusika wao kutoka orodha iliyochapishwa na sasa wanataka kujitungia wenyewe. Hesabu zinafuata vitabu vya mwaka 2014, na pale ambapo kitabu cha wachezaji cha mwaka 2024 kimebadilisha jambo linalogusa mada, nimelitaja.

Kwa nini "tabano" badala ya "uchawi"?

Mezani watu wengi husema "speli", na hakuna ubaya wowote. Katika maandishi napendelea tabano, yaani maneno anayoyatamka mganga anapotabana, kwa sababu "uchawi" katika Kiswahili ni tuhuma kabla ya kuwa kipaji: mchawi hudhuru, mganga huagua, na mchezaji aliyejitwalia nafasi ya kasisi mponyaji hapendi kuitwa mchawi kila zamu yake inapofika. Lugha yetu ina akiba kubwa kwa kazi hii. Zindiko, ramli na mazingaombwe zinatosha kutaja shule tatu kati ya shule 8 za uchawi ambazo mchezo unazitambua: ya kinga, ya ubashiri na ya viinimacho.

Nitatofautisha pia daraja na ngazi. Daraja ni la tabano, kuanzia matabano madogo yasiyo na gharama hadi daraja la 9. Ngazi ni ya mhusika, kuanzia 1 hadi 20. Alama kama 8d6 husomwa dadu nane za pande sita, ambazo kwa wastani hutoa 28.

Tabano lenye mizani ni lipi hasa?

Ni lile linaloshindana na majirani zake bila kuwafuta na bila kufutwa nao. Tabano halina uzito wa peke yake. Lina uzito likiwekwa kando ya matabano mengine ambayo mhusika huyo huyo angeweza kuyatumia katika zamu hiyo hiyo, kwa nafasi (kibali chenye idadi maalumu ambacho hutumika kila tabano linapotupwa) ya daraja hilo hilo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mtungaji ni kusoma matabano yote yaliyochapishwa ya daraja analolikusudia, kisha kujiuliza kama mtu mwenye akili timamu angekiacha kimojawapo cha vilivyopo kila mara kwa ajili ya hiki kipya. Kitabu cha mwendesha mchezo cha 2014 kinasema jambo hilo waziwazi: tabano ambalo mtu angetaka kulitumia wakati wote huenda limezidi daraja lake. Kinaonya pia dhidi ya kosa la upande wa pili, yaani tabano finyu mno, kama lile linalofanya kazi dhidi ya madragoni wema peke yao.

Kuna jirani wa pili ambaye watungaji wengi humsahau, naye ni mchezaji aliyeketi upande wa pili wa meza. Tabano la daraja la 2 linalofungua kila kufuli, kunusa kila mtego na kupita kila ukuta linaweza kuwa halali kwa hesabu, lakini limemwachisha kazi mwenzako aliyetumia ngazi tano kujenga mhusika wa ujanja na vidole vyepesi.

Nianze na dadu ngapi za madhara?

Anza na jedwali la kitabu hicho hicho cha mwendesha mchezo, ambalo linatenga tabano la mlengwa mmoja na tabano la walengwa wengi. Kwa mlengwa mmoja, daraja la 1 hupewa 2d10, daraja la 2 hupewa 3d10, la 3 hupewa 5d10 na la 5 hupewa 8d10, hadi kufikia 15d10 katika daraja la 9. Kwa walengwa wengi, safu hiyo inasoma 2d6, 4d6, 6d6 na 8d6 kwa madaraja hayo manne ya mwanzo niliyoyataja, kisha 14d6 katika daraja la 9. Tabano dogo hupata 1d10 au 1d6. Unaruhusiwa kubadili aina ya dadu mradi wastani ubaki karibu pale pale: dadu ya pande 4 ina wastani wa 2.5, ya pande 6 ina 3.5, ya pande 8 ina 4.5, ya pande 10 ina 5.5 na ya pande 12 ina 6.5.

Jedwali linachukulia kwamba anayefaulu kujinusuru, yaani anayerusha dadu ya pande 20 na, pamoja na nyongeza yake, kufikia kizingiti cha mtabanaji, bado anapata nusu ya madhara. Ukiamua kwamba anayefaulu haguswi kabisa, kitabu kinakuruhusu kuongeza madhara kwa asilimia 25, na ruhusa hiyo haikutolewa kiholela. Chukua tabano lenye wastani wa 28, linalotupwa na mhusika wa ngazi ya 5 ambaye kizingiti chake cha kujinusuru ni 15 (8, na 3 ya ustadi, na 4 ya akili), dhidi ya adui mwenye nyongeza ya 2. Adui huyo anashindwa akipata 12 au chini kwenye dadu ya pande 20, yaani mara 60 kati ya 100. Kukiwa na nusu kwa aliyefaulu, madhara yanayotarajiwa ni 22.4. Bila nusu, lakini kwa wastani uliopandishwa hadi 35, yanatarajiwa kuwa 21. Tofauti ni ndogo, na kinachobadilika zaidi ni mhemko wa mezani: la kwanza ni la uhakika, la pili ni la pata potea.

Mbona Fireball, tabano la mpira wa moto, inavuka jedwali? Si ruhusa basi na mimi kuvuka?

Ni kweli inavuka. Ni ya daraja la 3, inapiga duara lenye nusu kipenyo cha futi 20 kutoka umbali wa futi 150, na inatoa 8d6 pale ambapo jedwali linataka 6d6. Imekuwemo katika mchezo tangu vijitabu vya mwanzo vya Gary Gygax na Dave Arneson mwaka 1974, na imeachwa iwe na nguvu kwa heshima ya ukongwe wake. Ukiifanya Fireball kuwa kipimo cha daraja la 3, kila utakachotunga kitazidi, na baada ya miezi michache mwendesha mchezo atalazimika kuwaongezea maadui uhai ili mapambano yasiishe kabla chai haijapoa. Ipime kazi yako kwa matabano ya kawaida, na Fireball iwe dari ambayo huigusi.

Tabano langu halidhuru, linamzuia adui tu. Nalipimaje?

Hapa ndipo matabano mengi ya kujitungia huharibika, nami nimeharibu langu pia. Niliwahi kuwapa wachezaji wangu watano tabano la daraja la 2 lililomgandisha adui mmoja kwa dakika nzima, na mrusho mmoja tu wa kujinusuru mwanzoni. Halikuwa na dadu hata moja ya madhara, kwa hiyo nililiona pole. Jitu nililokuwa nimeliandaa jioni mbili likasimama kama mnara huku wakilibomoa kwa zamu, na mchezaji mmoja akaniuliza kwa upole kama hilo ndilo pambano lenyewe au bado linakuja.

Kosa lilikuwa kuhesabu dadu badala ya kuhesabu zamu. Dakika moja ni raundi 10. Tukichukua tena uwezekano wa asilimia 60 wa kushindwa, tabano langu lilikuwa linaiba zamu 6 kwa matarajio, ilhali mapambano mengi humalizika ndani ya raundi tatu au nne, maana yake liliiba pambano zima. Linganisha na Hold Person, tabano la daraja hilo hilo, ambalo humpa adui mrusho mpya wa kujinusuru mwishoni mwa kila zamu yake. Kwa uwezekano ule ule, zamu zinazotarajiwa kuibwa ni 1.5 tu. Isitoshe, Hold Person inashika viumbe wa umbo la kibinadamu peke yao na inadai umakini wa mtabanaji kwa muda wote. Kifungu kimoja kuhusu mrusho wa kurudia kimepunguza nguvu ya tabano mara nne bila kuligusa jina wala picha yake.

Kwa hiyo, tabano lolote linalomnyima mtu zamu nzima liwe na mrusho wa kurudia, au lidumu raundi moja tu, au livunjike mara mlengwa anapodhurika. Pigo hilo ni zito zaidi adui akiwa peke yake, kwa kuwa zamu yake moja ndiyo mizani ya zamu tano za wachezaji. Ndiyo sababu viumbe wakuu wa mchezo hupewa uwezo wa kuamua kwamba wamefaulu hata waliposhindwa, kwa kawaida mara 3 kwa siku. Usitunge tabano linalokwepa kinga hiyo. Ukiona unaandika "bila mrusho wa kujinusuru" kando ya neno "hawezi kutenda", weka kalamu chini.

Je, aina ya mrusho wa kujinusuru na aina ya madhara zina uzito?

Zina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Chukua zimwi la kawaida la kitabu cha viumbe, lenye uhai 59. Siha yake inampa nyongeza ya 3, na akili yake inampa pungufu ya 3. Kwa kizingiti cha 15, tabano linalojaribu siha litamshinda mara 55 kati ya 100, na lile lile likijaribu akili litamshinda mara 85. Mtungaji hajaongeza dadu hata moja, lakini amelipandisha tabano kimyakimya. Matabano mengi yaliyochapishwa hujaribu wepesi, siha au hekima, na viumbe wengi wamejengwa kwa kutarajia hivyo. Ukichagua akili au haiba, punguza mahali pengine.

Upande wa madhara, sumu ni dhaifu kwa sababu wafu wanaotembea, masanamu yenye uhai na mashetani wengi hawadhuriki nayo, na moto nao hukutana na ngozi nyingi zilizouzoea. Madhara ya nguvu tupu ya uchawi, kama yale ya Magic Missile, karibu hakuna anayeyastahimili. Tabano la sumu linastahili dadu kubwa kidogo. La nguvu tupu lilipe kwa dadu ndogo. Poison Spray hutumia dadu ya pande 12 mahali ambapo Fire Bolt hutumia ya pande 10, na bado wachezaji wengi huiacha, maana katika kitabu cha 2014 inafika futi 10 tu.

Ni lini niweke sharti la umakini?

Karibu kila mara ambapo athari inadumu zaidi ya zamu moja na inabadilisha pambano. Mtabanaji anaweza kushikilia tabano moja tu la umakini kwa wakati mmoja, na akijeruhiwa lazima ajaribu siha yake dhidi ya 10 au nusu ya madhara aliyopata, kutegemea ipi ni kubwa. Kanuni hiyo ndiyo inayozuia mtu mmoja kupaa angani, kutoonekana na kuwa na kasi maradufu kwa pamoja. Tabano la kujitungia linaloruka sharti hili halipaswi kupimwa peke yake tena; lipime likiwa limepandikizwa juu ya tabano kali kuliko yote ambalo mhusika tayari analo.

Na uponyaji?

Matabano madogo yasiponye kamwe, kwa sababu kitu kisicho na gharama kikiponya pointi 1, kinaponya pointi zote baada ya robo saa ya kukaa chini ya mti. Hata wabunifu wenyewe waliteleza katika jambo hili. Healing Spirit ya mwaka 2017, tabano la daraja la 2, iliponya 1d6 kila mtu alipopita mahali palipokaliwa na roho hiyo. Wachezaji wakagundua kwamba baada ya vita wanaweza kupanga foleni na kupita mmoja mmoja kwa raundi 10, kila mmoja akiondoka na wastani wa pointi 35 kwa gharama ya nafasi moja ya daraja la 2. Mwaka 2020 masahihisho rasmi yakaweka kikomo cha idadi ya mara ambazo roho inaweza kuponya. Funzo la kiufundi ni kuuliza swali hili kwa kila tabano la kudumu: litafanya nini pasipo na adui wala haraka? Kumbuka vilevile kwamba Cure Wounds ilikuwa 1d8 mwaka 2014 na imekuwa 2d8 mwaka 2024, kwa hiyo mpime jirani wa toleo mnalolicheza.

Vipi matabano ya nje ya mapambano?

Hayana jedwali, na ndiyo yanayoweza kuiharibu hadithi kwa utulivu kabisa. Uliza ni tatizo la aina gani linalofutwa. Ikiwa kampeni yenu ni safari ya jangwani ambamo maji ni roho, tabano la daraja la 1 la kuchimbua kisima limefuta kampeni. Mjini, tabano hilo hilo ni pambo. Njia nzuri ya kupunguza makali ni gharama isiyo ya dadu: muda wa dakika 10 kulitabana, au kifaa chenye thamani kinachoteketea. Ndivyo Revivify inavyodai almasi ya thamani ya vipande 300 vya dhahabu ili kumrudisha aliyekufa dakika hiyo hiyo, na mwendesha mchezo anayetaka kifo kiwe kizito anachohitaji ni kupunguza almasi sokoni.

Naweza kulifanya tabano litumie kitendo cha ziada badala ya kitendo kamili?

Unaweza, lakini lipandishe daraja moja au lipunguze athari kwa takriban nusu. Healing Word ya 2014 inaponya 1d4 mahali ambapo Cure Wounds inaponya 1d8, na bado wachezaji wazoefu huichagua ya kwanza, kwa kuwa inamwachia mtabanaji kitendo chake na inafika mbali.

Tabano likitupwa kwa nafasi ya daraja la juu, niongeze nini?

Dadu moja kwa kila daraja kwa eneo, au mlengwa mmoja zaidi kwa athari isiyo ya madhara. Fireball kwa nafasi ya daraja la 5 inafika 10d6, wastani 35, na Cone of Cold ya daraja la 5 inatoa 8d8, wastani 36. Lile la chini lisilipite lile lililozaliwa katika daraja hilo.

Mchezaji ameleta tabano lake na ameshalipenda. Nimwambieje kwamba limezidi?

Mwambie mapema, kabla halijaingia mezani, na mpe majaribio ya vikao viwili au vitatu kwa makubaliano yaliyo wazi kwamba maneno yanaweza kubadilika. Binafsi humwomba mchezaji aniambie picha aliyonayo kichwani, kwa sababu mara nyingi anachokitaka ni ile picha, wala si 6d8. Kuna mmoja aliyetaka nzige wamfunike adui hadi asionekane. Dadu zilipunguzwa mara mbili, nzige wakabaki, naye hakulalamika.

Naweza kuchapisha nilichotunga?

Tangu Januari 2023 hati ya kanuni za msingi ya toleo la 5.1 inapatikana chini ya leseni ya Creative Commons inayodai kumtaja mwenye kazi tu, kwa hiyo unaweza kujenga juu yake, hata kwa Kiswahili na hata kwa kuuza. Angalia majina: hati hiyo imeondoa majina ya wachawi mashuhuri wa mchezo, ndiyo maana mkono wa Bigby humo unaitwa Arcane Hand. Tumia yaliyomo kwenye hati.

Nionyeshe mfano mmoja tangu rasimu hadi mwisho.

Nilitaka tabano la daraja la 2 lenye sura ya maji ya bamvua yanapopanda ghafla. Rasimu ya kwanza ilikuwa na umbo la pia (koni) ya futi 30, madhara 4d6, aliyeshindwa kusukumwa futi 15 na kuanguka. Jedwali liliniruhusu 4d6, nikaridhika. Kisha nikatafuta majirani. Shatter, ya daraja hilo hilo, hutoa 3d8, wastani 13.5, katika duara la nusu kipenyo cha futi 10, ambalo ni kama futi za mraba 314, na haisukumi wala haiangushi mtu. Langu, lenye pia ya futi 30, lilifunika futi za mraba 450. Kibaya zaidi, kulikuwa na Tidal Wave ya daraja la 3, wimbi lenye urefu wa futi 30 na upana wa futi 10, linalotoa 4d8 na kuangusha. Rasimu yangu ilikuwa karibu sawa nayo kwa bei ya chini, na eneo kubwa zaidi.

Nikaondoa dadu moja kulipia msukumo, nikapunguza msukumo wenyewe, na kuanguka nikakufunga kwenye sharti la mahali ili mchezaji afikirie anasimama wapi. Niliacha litoke mwilini mwa mtabanaji, kwa kuwa kumkaribia adui ni gharama. Limecheza vikao vinne bila kubadilishwa, na maandishi yake ni haya:

*Wimbi la Bamvua.* Daraja la 2. Muda wa kutabana: kitendo kimoja. Umbali: pia ya futi 30 kutoka kwako. Vihitajika: maneno, ishara za mikono, na kome la pwani. Muda wa athari: papo hapo. Maji ya chumvi yanafumka mbele yako. Kila kiumbe kilicho ndani ya pia kirushe kujinusuru kwa nguvu. Kikishindwa, kinapata madhara 3d6 ya kupondwa na kusukumwa futi 10 mbali nawe. Kikigota ukuta au kizuizi kigumu kabla ya kumaliza futi hizo, kinaanguka chini. Kikifaulu, kinapata nusu ya madhara na hakisukumwi. Mioto isiyolindwa ndani ya eneo inazimika. Ukitumia nafasi ya daraja la 3 au zaidi, ongeza 1d6 kwa kila daraja juu ya la 2.